Rumeti wangu Mkenya kaniandika kwenye group la nyumba, hivi hii ni dharau au ndo walivyo?

BintiMakete

Jamani habari za jioni, naombeni mnisaidie maana nimeshachoka kulifikiria hili peke yangu na UE (mitihani ya kufunga semista) zinakaribia.

Niko mwaka wa pili, tumepanga nyumba nje ya chuo mabinti watatu. Mimi kwetu Makete, mwingine katokea Unguja, wa tatu ni Mkenya wa Nakuru. Luku ya umeme, maji, hela ya taka na ya mlinzi tunachanga, mwezi wa tatu ilikuja 18,000 kila mtu. Sasa bumu (hela ya mkopo wa chuo) lilikuwa halijaingia nikawa nimechelewa kama siku tano hivi, na sio kwamba nilikataa, nilikuwa natafuta namna. Asubuhi moja naamka nafungua simu nakuta kwenye group la nyumba kaandika "Malipo ya Machi", yeye 18,000 tiki, wa Unguja 18,000 tiki, halafu jina langu na sifuri mbele yake, "tafadhali lipa leo". Na lile group mama mwenye nyumba yumo! Hata yule dada aliyehama mwaka jana ambaye hatujawahi kumtoa yumo, naye akaweka emoji ya macho.

Chumba chake na changu tunagawana ukuta, anasikia mpaka nikikohoa. Alishindwa nini kuniita chemba akaniambia mwenzangu vipi ile hela?

Nikakopa, nikatuma siku ileile, sikuandika neno. Kuanzia hapo nikakausha. Salamu natoa, kuchekeana hamna, nikipika napika cha kwangu nakula chumbani. Wiki tatu. Nikaongea na rafiki yangu mmoja ambaye huwa anasali naye, nikijua atamfikishia kistaarabu, kumbe ikafika imepinda, kaambiwa eti nasema ana roho mbaya. Basi juzi niko vimbwetani, kwenye vile viti vya zege vya kusomea, na wenzangu tunafanya diskasheni, kaja kasimama mbele yangu, sauti hiyo: "Nimeskia unaniongelea huko nje. Si uniambie mwenyewe, kwani mimi nakula watu?" Watu kama kumi wanatuangalia. Nilishindwa kujibu, machozi yalikuwa yananilengalenga, nikakusanya madaftari nikaondoka. Na kilichoniacha hoi zaidi ni kwamba jioni yake anagonga mlango wangu anauliza kama nimebakiza kitunguu! Kama vile hakuna kilichotokea!

Wa Unguja hajafungua mdomo, ila siku ile ya group alijifunga kanga imeandikwa ULIMI UNAUMA KULIKO MENO akawa anapita nayo sebuleni kwenda na kurudi. Mkenya akamwambia "hiyo leso iko poa, ulinunua wapi?"

Sasa nauliza, hawa wenzetu ndo walivyolelewa au mimi ndo nadharaulika? Nihame?

Mzee wa Vimbweta

Lipa luku kwa wakati dada, mambo ya kanga baadae 😂

komredi_wa_Naks

Wacha niwe wa kwanza kuongea kama Mkenya, tena wa hukohuko Nakuru, nilikuja kusoma Bongo miaka miwili kwa hiyo nimeonja pande zote.

Dada pole, lakini huyo msichana hana kitu na wewe. Ile list ya majina na tiki ni kitu tunakua nacho, mama zetu wako kwa chama, vile vikundi vya kuchangishana pesa, kila mwezi inatumwa nani ametoa nani bado, na hakuna mtu analia, wewe unatoa tu jina lako linapata tiki maisha yanaendelea. Kwake hiyo haikuwa kukuanika, ilikuwa hesabu. Hata angekuwa ni yeye hajalipa angejiandikia sifuri, nakuapia.

Na ile ya vimbwetani, kwa macho yake yeye ndiye alikuheshimu. Kwetu mtu akisikia unamsema pembeni halafu anyamaze, hiyo sasa ndio bifu ya ukweli, hiyo inaweza kaa miaka. Akikujia mbele ya watu akuulize maanake bado anakuhesabu rafiki. Alisema, akamaliza, roho ikawa nyeupe, akakumbuka hana kitunguu.

Mimi Bongo kitu ilinimaliza ni hiyo kunyamaziwa. Rumeti wangu alikuwa anasema "hamna shida" kwa kila kitu. Nimepiga muziki usiku, hamna shida. Nimetumia ndoo yake, hamna shida. Mwezi wa nne naitwa na mwenyekiti wa block, nafika napata watu watano wameketi, kuna mmoja ana notibuku, shida zangu zote zimeandikwa tangu siku ya kwanza hadi ile ndoo. Nilitetemeka nikadhani nafukuzwa chuo! Kumbe hicho kikao ndio upole wenyewe, walitaka tu niseme samahani tushikane mikono tukanywe soda. Lakini mimi nilikuwa najiuliza, huyu mtu analala kitanda cha juu yangu, ameshindwa kuinamisha kichwa aniambie?

Lakini pia nisiwadanganye eti sisi ndio tunajua kuongea. 2016 shule zaidi ya 100 Kenya mabweni yalichomwa moto ndani ya miezi michache. Wengine walisema ni mambo ya mitihani, wengine muhula wa pili uliorefushwa, sijui, mimi nilikuwa fomu tatu na najua tu kwa mwalimu mkuu hakuna mwanafunzi alikuwa anaenda kusema kitu uso kwa uso. Huo mdomo wetu ni wa kuambiana sisi kwa sisi. Kwa wakubwa tunanyamaza kama nyinyi halafu ikilipuka inalipuka.

Kaka wa Kamati

Mnaniachaga hoi nyie. Mbona kwenye magroup ya harusi watu wanaandikwa majina, ahadi laki moja, katoa elfu thelathini, bado elfu sabini, kila siku asubuhi mwekahazina anaibandika upya na mashangazi wote wapo, na hakuna aliyehama nyumba? Tusisingizie utamaduni. Deni linauma kwa sababu huna hela, basi.

BintiMakete

@Kaka wa Kamati hapana, usichanganye. Harusi ile ni ahadi, mtu kajitapa mwenyewe mbele za watu kwamba atatoa laki, sasa aumbuke mbele za haohao. Hela ya luku ni mambo ya ndani ya nyumba. Mama yangu alikuwa anadaiwa sukari na jirani, jirani anakuja, wanasalimiana, wanaongelea mvua, wanaongelea viazi, anaaga, akifika mlangoni ndo anasema "aa, na kale kasukari mwenzangu". Ndivyo mtu anavyodaiwa.

@komredi asante, kitunguu ndo sikuwahi kukifikiria hivyo. Ila swali langu kwako, yeye ameshasema yake roho ikawa nyeupe, ya kwangu itakuwa nyeupe saa ngapi?

Buyenzi_Kwetu

Mimi ni Mrundi wa Buyenzi pale Bujumbura, nimesomea Kigoma na Dar. Naona mnazungumza Kenya na Tanzania tu, kumbe kuna watu wanaowazidi Watanzania kwa kunyamaza, ndio sisi.

Kwetu tuna msemo, amarira y'umugabo atemba aja mu nda, machozi ya mwanaume yanatiririkia tumboni. Tunalishwa huo tangu utoto. Mwaka wa kwanza nilikaa na kijana wa Mwanza, mtu mzuri tu, ila alikuwa na tabia ya kunitania mbele ya wageni juu ya Kiswahili changu. Sikumwambia. Nilikuwa nacheka na wao. Semista ilipokwisha nikaomba kuhamishwa chumba, yule kijana akanisaidia kubeba godoro mpaka jengo lingine, njia nzima ananiuliza umehama kwa nini, namwambia kule ni karibu na maktaba. Mpaka leo hajui na tunachati sikukuu.

Lakini msidhani kwetu hakuna dawa. Zamani mlimani, yaani kijijini kwetu, watu wakikosana walikuwa wanakwenda kwa bashingantahe, wazee waliovishwa heshima hiyo na jamii yenyewe, wana fimbo yao inaitwa intahe, wanaigonga chini ndipo maneno yanaanza. Kila upande unasikilizwa mpaka mwisho bila kukatwa, na mkimaliza mnakunywa pombe pamoja mbele ya mashahidi, ili kesho mtu asiseme hatukupatana. Babu yangu alikuwa anasema kuongea mwenyewe na mtu uliyekosana naye ni kutafuta ngumi. Ndio maana mimi nikikosana na mtu wazo la kwanza ni nani atakaa katikati, na chuoni unakuta katikati hakuna mtu, kuna kijana wa serikali ya wanafunzi ana miaka 22 naye anatafuta kura.

Kwa hiyo dada wa Makete hukukosea kutafuta mtu wa kati. Ulikosea mtu. Wa kati anakaa na nyinyi wawili mahali pamoja. Yule uliyemtuma alikuwa anabeba maneno tu, na maneno yakibebwa yanamwagika.

Dada_Wuhan

Hii ya mtu wa kati imenikumbusha mbali. Nilisoma China miaka minne, Wuhan. Sisi wageni tulikuwa na jengo letu ila masomo ya vikundi tunachanganywa. Kundi letu Wachina wanne, mimi, na kaka mmoja Mrusi. Mrusi akagawa kazi, akamwambia binti mmoja wa Kichina wewe utaandika sehemu ya tatu ulete Ijumaa. Yule binti akacheka kidogo akasema kwamba Ijumaa kidogo si rahisi. Mimi palepale nikajua hiyo ni HAPANA, maana kwetu mtu akikwambia "tutaangalia" si unajua imeisha hiyo? Mrusi akasikia ni rahisi isipokuwa kidogo 😅 Ijumaa ikafika hamna kitu, kaka akalipuka mbele ya kundi zima, tena kwa vipengele, kama anasoma shitaka.

Wachina wote wanne kimya, wanaangalia meza. Kwao kuna kitu wanaita mianzi, yaani uso, heshima yako mbele za watu, na ukimvunjia mtu uso hadharani hata ukiwa na haki unageuka wewe ndo mkosaji. Hakuna aliyemjibu. Baada ya siku mbili tukaitwa na mwalimu mlezi wao, wanamwita fudaoyuan, kila kundi la wanafunzi wa Kichina lina wake na kazi yake ni hizohizo, mpaka ugomvi wa vitanda na wa kuzima taa anaingilia. Hakuuliza nani kakosea. Alisema anasikia kazi ni nyingi, akazigawa upya kimyakimya, binti akapata sehemu nyepesi, Mrusi akapewa uwasilishaji akafurahi. Mrusi mpaka tunamaliza anaamini alishinda kwa kuongea ukweli. Mimi nilikaa pale nikawa nawaelewa wote wawili na siwezi kumsaidia yeyote.

Kwa hiyo mdogo wangu, Nakuru sio mbali kihivyo. Lugha mnayo moja na ndo inawadanganya, mngekuwa mnatafsiriana kila mmoja angekuwa anajiuliza mara mbili mwenzangu kamaanisha nini.

Mngoni wa Peramiho

Tatizo hamna utani kati yenu. Nasema kwa uzoefu. Mimi Mngoni, advansi nililala jirani na Mhehe, wahenga wetu walipigana miaka ya 1870 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1880 hakuna aliyemmaliza mwenzie, ndo utani ulipotokea. Jamaa alikuwa anakula maharage yangu ya mfukoni (wa bweni wanajua, yale unayosunda kutoka mesi). Mtu mwingine angefanya hivyo tungepigana. Yeye nikasimama katikati ya bweni nikatangaza kwamba babu zao walishindwa kuteka chakula chetu kwa mikuki sasa wamemtuma mjukuu aje na kijiko. Bweni zima likafa. Yeye akanijibu matusi ya ukoo mzima. Ila kesho yake maharage hayakuguswa, na ujumbe ulifika mbele ya watu themanini na hakuna aliyeumbuka.

Sasa Mkenya hana mtani hapa nchini, ndo maana akisema kitu hadharani kinabaki kikavu. Mtafutieni utani, hata wa mpira.

komredi_wa_Naks

Usijaribu hiyo kwa Mkenya bila kumwandaa 😂 mimi kuna mtu aliniambia "mtani" akanificha viatu siku ya msiba wa rafiki yetu, nilikuwa karibu kuita polisi.

Mama Matroni

Wanangu shikamoo zenu sizitegemei, marahaba nimejiitikia. Nimekaa hosteli za wasichana miaka 11, acha niseme moja tu nirudi kwenye funguo zangu.

Ugomvi wa vyumba asilimia kubwa nauona ni huu. Mmoja anauliza "una shida na mimi?", mwenzie anajibu "hamna". Anayeuliza kazaliwa mahali ambapo hamna ni hamna. Anayejibu kazaliwa mahali ambapo hamna maana yake uliza tena, tena kaa chini, tena acha simu. Wanaishi hivyo mpaka sufuria linarushwa. Na watoto wa Pemba na Unguja ninao, hao hawasemi wala hawanuni, wanavaa. Nikiona doti mpya ya kanga imefungwa katikati ya wiki natembea kusoma kabla sijaingia chumbani.

Binti, je, alikuuliza? Kabla ya siku ya vimbwetani, alikuuliza kama kuna shida? Jibu hilo kwanza.

BintiMakete

Mama shikamoo. Aliniuliza. Mara mbili. Nikasema niko poa.

Mama Matroni

Marahaba. Haya.

BintiMakete

Wakuu nimerudi, siku nne zimepita, naleta mrejesho maana wengine mlinifuata inbox.

Kwanza nilimfuata wa Unguja nikamwomba akae katikati yetu kama alivyosema kaka wa Buyenzi. Akakataa kabisa, akasema "mimi nishasema langu". Nikamuuliza umesema lini? Akanitazama kama mjinga, akaonyesha kwenye kamba ya nguo. Kanga!

Basi juzi usiku luku ikaisha saa nne, giza, kila mtu katoka na tochi ya simu. Mkenya akanunua umeme kwenye simu yake ila chaji ilikuwa asilimia mbili, akaniambia haraka nisomee nibonyeze. Mnajua zile namba ishirini. Nikasoma, akakosea, nikasoma tena, simu ikazima tukiwa namba ya kumi na sita. Tukabaki gizani mbele ya mita tumesimama kama wezi. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda kwa sababu sikuwa namwona uso, nikamwambia "ile ya kwenye group iliniuma sana". Akasema "gani?"

Jamani hakuwa anakumbuka. Wiki nne mimi nakula chumbani peke yangu mtu hakumbuki! Nikaanza kumweleza, mama mwenye nyumba, ile emoji ya macho, bumu, nikajikuta nalia hukuhuku namaindi kwamba nalia. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani kaondoka. Halafu akasema yeye alidhani mimi nimefiwa. Kweli. Anasema aliniuliza nikasema niko poa, akaniona sili, sicheki, akajua kuna msiba nyumbani sitaki kusema, ndo maana siku aliposikia namsema nje alipasuka, maana alikuwa anawaambia wenzie waniombee. Kitunguu alikuwa anacho. Alitaka tu nifungue mlango.

Ameomba msamaha kuhusu mama mwenye nyumba, hilo kalielewa haraka kuliko yote, kasema hata kwao huwezi kuweka mambo ya hela mbele ya landilodi. La kuniandika mimi na sifuri bado haoni kosa liko wapi hasa, na sijalazimisha. Tumekubaliana ataniambia chumbani kwanza, siku tatu zikipita ruksa kuandika, na mimi nisiseme niko poa kama siko poa, ambalo nimeshalivunja mara moja tayari.

Limebaki moja. Ile kanga bado anaitaka. Kaniomba nimuulizie wa Unguja imenunuliwa wapi anataka aivae Ijumaa kwenye siku ya utamaduni chuoni. Hajui alifungiwa yeye. Nimwambie au nimwache avae?

Mpemba Asili

Sokoni Darajani kule Unguja zimejaa, doti nzima ndo anunue asikubali kuuziwa kipande. Mwache avae. Ila mama mwenye nyumba akija kudai kodi, aivue.